Aliyefungua Tundu

Monicah Jelagat alikuwa na mazoea ya kuuangalia mlango kabla ya kumsikiliza mtu. Miaka sita mbele ya skrini za ulinzi katika jengo moja la Dubai Marina ilimfundisha kwamba watu hukosea saa, hukosea hata rangi ya nguo, lakini mlango hauna sababu ya kudanganya. Siku hizi alikuwa mapokezi katika kliniki ya wanyama pale Rashidiya, na mtaa ulimjua kwa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Paka akipotea, au mbwa, au ndege, aliitwa Monicah.

Jumatano hiyo asubuhi, siku ya tatu tangu kasuku apotee, alikuwa amepiga magoti kwenye veranda ya Mzee Hazim akichungulia tundu tupu.

"Jina lake Shauri," mzee alisema. Alikuwa Mzanzibari aliyekuja Dubai kijana na kustaafu karani wa bandarini. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri, ila vifungo viwili vya juu vilipishana. "Kijivu, mkia mwekundu. Miaka kumi na mmoja tunaye. Marehemu mke wangu ndiye aliyemlea."

"Alifariki lini, mzee?"

"Novemba."

Monicah alifungua daftari. Maswali yake yalikuwa yaleyale kwa kila ndege: pete ya mguuni, chakula anachopenda, anayemzoea. Mzee alijibu yote bila kusita. Likabaki swali la mwisho.

"Anasema maneno gani?"

Mzee Hazim aliivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Husema, husema tu."

"Hasemi kitu." Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Saleha, binti yake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, tayari kwa kazi, funguo za gari mkononi. "Kelele tu, kama ndege wengine. Baba, nimeshasema. Ivy alisahau mlango alipokuwa akisafisha. Khalas, basi. Kesho saa nne nampeleka ofisi iliyomleta watubadilishie."

Ivy Nyaboke, mfanyakazi wa nyumba hiyo, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mzee. Hakuinua macho. Kurudishwa ofisini maana yake alikuwa anaijua, na Monicah aliijua pia: kitanda katika chumba cha wasichana kumi, kungoja nyumba nyingine, na isipopatikana, ndege ya kurudi Nairobi.

Monicah aliandika majibu yote mawili, la baba na la binti, moja chini ya jingine. Halafu akaligeukia tundu.

Mlango mkubwa ulikuwa na komeo, na juu ya komeo kishikizo cha skrubu, kwa sababu kasuku hujifundisha kufungua komeo kwa mdomo. Kishikizo kilikuwa kimetolewa na kuwekwa juu ya tundu, skrubu yake imekazwa tena vizuri. Bakuli la mbegu na la maji yaliingia kwa vidirisha vya pembeni. Sinia la uchafu lilivutwa kwa chini. Na veranda yenyewe ilizungushiwa wavu wa waya, wenye mlango wake wa kutokea uani, uliofungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya nyumba.

Saleha alipoondoka, Monicah alimfuata Ivy jikoni.

"Wewe ni wa wapi, sista?"

"Kisii. Keroka."

"Tundu unalisafisha namna gani?"

"Navuta hiyo sinia, nabadilisha gazeti, narudisha. Chakula kwa dirisha. Ile mlango kubwa sijawahi guza tangu nije hapa. Marehemu mama mwenyewe alinikataza."

"Jumatatu uliufungua?"

"Sikufungua, dada Monicah. Haki ya Mungu."

"Nani alifungua?"

Ivy alichukua kikombe kisafi, akakiosha. Akakisuuza. Akakipanga. "Sijui," alisema.

Alipoulizwa juu ya mkono wake mwenyewe, jibu lilikuja papo hapo. Alipoulizwa juu ya mkono wa mwingine, aliosha kikombe. Monicah hakumsukuma.

Mzee alikuwa na mshukiwa wake. Jumatatu ileile fundi wa eyasi, kiyoyozi cha nyumba, alikuja, akatoka na boksi lililofunikwa kitambaa. Kasuku wa kijivu ni mali. Lilikuwa wazo la kufuatwa, na Monicah alilifuata mpaka ng'ambo ya barabara, alipokuwa Ashiraf, Mganda aliyeosha magari ya mtaa ule kila siku.

"Boksi ile?" Ashiraf alicheka. "Mimi mwenyewe nilimsaidia kubeba. Ilikuwa mota, imeungua, inanuka."

"Alifika saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro."

"Na kasuku? Siku hiyo ulimsikia?"

Ashiraf alikamua kitambaa, akafikiri. Monicah alipenda mashahidi wanaofikiri. "Nilimsikia saa moja. Nilikuwa naosha gari la jirani, na yeye huondoka saa moja na robo, kwa hiyo ni saa moja. Ndege alikuwa ndani ya waya, anaita. Fundi alipokuja, kimya. Ndege alikuwa ameshaenda."

Fundi alifutwa daftarini kwa mstari mmoja. Monicah akaandika *saa moja, bado ndani*, akaipigia duara.

Kisha alikwenda kuangalia matangazo. Jumanne, mzee alikuwa amechapisha karatasi nane zenye picha na namba yake ya simu, akamtuma Ivy azipeleke madukani. Katika dirisha la baqala, duka la vyakula la kona, kulikuwa na pembe nne za gundi na katikati hakuna kitu. Kwenye duka la dobi, vilevile. Duka la dawa, vilevile. Karatasi hazikuchanwa; zilikuwa zimebanduliwa kwa utaratibu, na mtu mwenye nafasi.

Mwenye baqala, Mhindi wa Malabari aliyekuwa pale tangu barabara ile ilipokuwa mchanga, alimjibu kwa Kiarabu cha dukani. Karatasi aliichukua madam jana jioni. Madam alisema ndege amepatikana, shukran, khalas.

"Madam gani?"

"Madam wa gari jeupe. Nyumba ya mzee."

"Alisema amepatikana? Una hakika?"

Mwenye duka alikuwa na hakika. Alifurahi hata akampa madam pakiti ya mbegu za alizeti, zawadi ya ndege.

Monicah alisimama nje kivulini. Mtu aliyepotelewa na ndege hubandika karatasi. Mtu aliyempata huzibandua. Huyu alikuwa hajampata na alikuwa amebandua.

Simu ilikuja kutoka kliniki kabla hajaanza kutembea.

Kasuku alikuwa ameletwa, na aliyemleta alikuwa Lawrence, Mkenya mlinzi wa jengo linalojengwa mitaa miwili kutoka pale. Alimkuta ndege juu ya tangi la maji, amechoka hata hakukimbia, akamfunika kwa koti lake la kazi na kumtia katika katoni ya tailizi. Daktari alikuwa ameshampima: upungufu wa maji, kucha moja imekatika, hakuna zaidi. Namba ya pete ililingana na kadi ya Mzee Hazim.

"Ameongea chochote?" Monicah aliuliza.

"Hapana. Ananiangalia tu kama afande."

Ndege alikuwa kwenye kizimba cha chuma, amejikunja, jicho moja likiwafuata. Monicah alimwita kwa Kiingereza, akampigia mluzi, akamjaribu kwa Kiarabu kidogo alichokuwa nacho. Kimya. Akaacha. Alimgeukia Lawrence, aliyekuwa bado na vumbi la saruji kwenye kope.

"Na wewe umesimama juani tangu alfajiri. Umekula lakini?"

Nyuma yake mwanamke alisema: "Mwanangu, umeshakula?"

Haikuwa sauti ya ndege. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima wa Unguja, mpole, mwenye pumzi fupi, na baada ya swali kikafuata kikohozi kidogo, cha mtu anayejizuia asikohoe mbele ya watoto. Lawrence alivua kofia yake ngumu. Alitazama mlangoni, dirishani, halafu kizimbani.

"Huyo ni nani?" alinong'ona.

"Ni mtu aliyefariki Novemba," Monicah alisema.

Alikaa mezani kwa dakika tano bila kuandika. Mzee alikataa kueleza anachosema ndege. Binti alisema hasemi kitu. Ni maneno mawili tu, na hakuna kati yao aliyetaka kuyatamka. Akachukua simu. Hakumpigia mzee. Alimpigia Saleha.

Saleha alifika baada ya dakika ishirini. Alisimama upande wa pili wa meza, mkoba begani.

"Umempata wapi?"

"Watu wakija hapa huuliza kwanza kama yu hai," Monicah alisema.

Saleha alihamisha mkoba bega la pili.

"Jana jioni, dada Saleha, karatasi za maduka matatu zimebanduliwa, na mwenye baqala kaambiwa ndege amepatikana. Amepatikana leo saa nne. Aliyezungumza naye ana gari jeupe na anatoka nyumba yenu. Ivy hana gari."

"Zile karatasi zilikuwa zinamtesa baba. Amekaa kando ya simu siku tatu."

"Kwa hiyo ukahakikisha simu hailii."

Kutoka chumba cha nyuma ndege alikohoa kile kikohozi kidogo. Saleha aliweka mkono mezani kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Monicah alimvutia kiti.

"Sisi tulimzika mama," Saleha alisema. "Tukasoma hitima, watu wakaenda zao. Asubuhi yake saa kumi na mbili ananiuliza kama nimeshakula. Niliitika. Niliinuka kitandani nikafika katikati ya ukumbi, ndipo nikakumbuka. Na kesho yake tena. Miezi minne." Alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Na baba hatoki. Wenziwe wa msikitini wanampigia, hapokei. Kakaa mbele ya tundu mpaka adhuhuri. Nikasema, huyu akiondoka, baba atainuka."

"Ulifungua saa ngapi?"

"Kumi na mbili na dakika kumi. Tundu, na mlango wa waya. Kumi na mbili na nusu nilikuwa barabarani."

"Na Ivy?"

"Baba aliuliza mbele yetu sote nani kafungua. Ivy kashika ufagio. Mimi nikanyamaza. Sikusema ni yeye, wallahi, siku ile sikusema. Nilinyamaza tu, na baba akamtazama yeye. Baada ya hapo ikawa rahisi."

Monicah aliuliza swali moja zaidi. "Ulimwona akiruka?"

"Hapana. Nilifungua nikakimbia. Sikutaka kuona."

Monicah alitazama duara katika daftari lake. *Saa moja, bado ndani.* Nusu saa nzima baada ya Saleha kuondoka, milango yote miwili wazi, na ndege yumo anaita. Kasuku aliyekaa tunduni miaka kumi na mmoja hatoki kwa sababu kaonyeshwa mlango. Pale kliniki walikuwa na mmoja aliyewahi kukaa siku mbili mbele ya mlango wazi. Huyu alitoka kabla ya saa mbili. Mzee husali alfajiri kisha hulala mpaka saa mbili. Ndani ya nyumba, aliyekuwa macho alikuwa mmoja.

Kulikuwa na mstari mmoja wa kuandika, na hakuuandika. Alifunga daftari.

"Ndege anarudi leo," alisema. "Wewe ndiye utakayemwambia mzee, na Ivy awepo. Nikimwambia mimi, itakuwa kesi. Ukimwambia wewe, huenda isiwe."

Alasiri hiyo Mzee Hazim alitia mkono ndani ya boksi, na kasuku akapanda kwenye kifundo chake cha mkono, akapanda mpaka begani, akauficha mdomo wake ndani ya kola ya kanzu.

Saleha alikaa chini, juu ya mkeka, miguuni pake. "Baba. Si Ivy. Ni mimi."

Alieleza kama alivyoeleza kliniki, kwa maneno machache zaidi. Alipofika kwenye karatasi za madukani, mzee alifumba macho.

"Ulitaka afe juani?"

"Nilitaka anyamaze."

"Nami ukaniacha nimhukumu mtoto wa watu."

"Ndiyo, baba. Nisamehe. Na wewe Ivy, nisamehe."

Ivy alikuwa mlangoni na sinia la chai. Monicah alimwangalia na kuomba moyoni kwamba atalipokea lile neno na kurudi jikoni. Alikuwa ameondolewa lawama. Hakuna aliyekuwa na swali lingine kwake. Angeweza kulala usiku huo katika chumba chake na kesho saa nne ingepita kama saa nne nyingine.

Ivy aliweka sinia chini.

"Si yeye peke yake," alisema.

Saleha aligeuka.

"Alifungua, ni kweli. Nilimwona na dirisha la jikoni, analia. Lakini ndege ilikataa kwenda. Imekaa pale kwa mlango, inauliza tu, umeshakula, umeshakula. Nikachukua ufagio, nikaisukuma. Ikashikilia waya. Nikaisukuma tena." Alikunja mikono ndani ya aproni. "Mimi ndio nilifanya iruke. Hiyo ndiyo ilinifanya ninyamaze, mzee. Sikuwa namficha madam."

"Lakini kwa nini?" Saleha aliuliza. "Wewe alikufanya nini?"

"Mama yangu alikufa Januari."

Nje, Ashiraf alikuwa akimwaga ndoo.

"Uliniambia anaumwa," Saleha alisema polepole.

"Nilikuambia anaumwa, nikaomba wiki mbili. Ukasema hakuna mtu wa kubaki na mzee. Alipokufa sikukuambia tena. Walizika Jumamosi, nikaona kwa simu, nikiwa hapo kwa sinki." Sauti yake haikupanda. "Na kila asubuhi nikiwasha jiko, kuna mama anauliza mwanangu, umeshakula. Hataji jina. Angekuwa anasema Saleha, ningejua si mimi."

Saleha alifunika uso. Monicah alikuwa amewahi kuona mashtaka yakibadilika mikononi mwake, lakini si kama hivi. Alikuwa amesimama pale na boksi tupu, kazi yake imekwisha, na hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumkabidhi hatia.

Mzee Hazim alimshusha ndege begani, akamweka juu ya goti.

"Mnadhani miye nikikaa hapa namsikiliza?" alisema. "Namngoja. Miaka arubaini na mbili marehemu Zuwena hakunitaja kwa jina langu. Akiniita 'bwana', au 'baba Saleha', na hata hilo huyu hakulishika. Najiambia, lazima kuna siku moja alinena na mimi, huyu akasikia. Nangoja aseme." Alipitisha kidole kichwani pa ndege. "Nyinyi mnaitwa kila siku, mnamfukuza. Mimi sijaitwa hata mara moja."

Kisha Saleha alitoa simu mkobani.

"Nawapigia wale wa ofisi, nifute ya kesho."

"Piga hapa hapa, madam," Ivy alisema. "Nisikie."

Saleha alipiga hapo hapo, sauti ikiwa wazi. Mwanamume wa upande wa pili aliuliza sababu ya kufuta. "Tulikosea sisi," Saleha alisema, akarudia kwa Kiarabu ili iandikwe. Alipokata simu hakuinua uso mara moja. "Baada ya Idi nitachukua likizo, nitakaa na baba mwenyewe. Wewe nenda kwenu. Wiki mbili, tatu, unazotaka. Utarudi ukitaka kurudi."

Ivy aliitikia kwa kichwa, lakini hakusema asante, na Saleha hakuonekana kuingoja.

"Kaa kitako," mzee alimwambia Ivy.

"Chai itapoa, mzee."

"Saleha atamimina. Kaa."

Ivy alikaa ukingoni mwa mkeka, magoti pamoja, kama mtu aliye kwenye benchi ya hospitali. Saleha alivuta sinia, akamimina kikombe cha kwanza, akakiweka mbele yake. Ndege alimtazama kila mmoja kwa zamu, hakusema kitu.

"Mama yako," mzee alisema, "akiitwa nani?"

"Kemunto."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Ivy alikizungusha kikombe mkononi. Miezi miwili tangu mama yake afe, na Monicah aliona usoni mwake kwamba hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa juu yake.

"Alikuwa mkali," alisema. "Mkali sana. Asubuhi akikuita mara mbili hujatoka kitandani, ya tatu anakuja na maji." Alitabasamu kidogo kwa kikombe chake. "Lakini alikuwa na kicheko. Akicheka kule sokoni, watu wa upande wa pili wa barabara wanageuka kuangalia. Hata kanisani. Kuna siku moja padre alisimamisha misa..."

Monicah alishuka ngazi za veranda taratibu, akausukuma mlango wa waya, akaufunga nyuma yake. Alipofika getini Ivy alikuwa bado anaeleza, na hakuna aliyemkatiza.